Kupiga msitu kwa ndege hakutamaliza vita ya Cabo Delgado: nasema nikiwa huku huku kando ya Ruvuma

Mpulizasalfa (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi baada ya magharibi nilikuwa kijiweni Mtwara mjini, pale tunapokunywa kahawa, mazungumzo yakaangukia vita ya ng'ambo, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kijana mmoja, mtu mwema tu na ninamfahamu tangu mdogo, akasema: "Hawa magaidi wa Msumbiji wanatuchosha bure. Zipelekwe ndege, upigwe msitu wote kuanzia Ruvuma hadi Macomia, wiki moja kazi imekwisha." Karibu kijiwe kizima kikaitikia. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa na safari ya kurudi Nanyamba usiku ule ule, lakini njia nzima maneno yale yalinikaa kifuani. Uzi huu ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mkulima wa korosho. Anayeijua kazi yetu anajua kuwa kuanzia Juni tunapuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, na salfa hupulizwa usiku wa manane kuelekea alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Saa kumi usiku mnatoka vijana wanne au watano, kila mmoja na mashine mgongoni, bomba mkononi, kitambaa kimefunika uso mpaka yanabaki macho. Mnakwenda kwa mstari. Hamsemezani, maana kwa mngurumo ule nani atamsikia mwenzake? Mnaingia chini ya mkorosho mnapotea, mnatokea upande wa pili.

Sasa mchukue mtu aliyekaa mbele ya skrini, mbali huko, anayeletewa picha na ndege isiyo na rubani. Usiku haoni sura wala rangi ya nguo. Anachokiona ni joto la miili, alama nyeupe kwenye giza. Watu watano, wamebeba vitu virefu, wanatembea kwa mstari saa kumi usiku, mwendo mfupi tu kutoka Ruvuma. Ninyi mngekuwa mmeshika kitufe, mngeona wakulima?

Na mkorosho wenyewe mnaujua. Matawi yake hushuka mpaka yakagusa ardhi. Mtoto akijificha humo kukwepa kutumwa dukani, mama yake anaweza kuuzunguka mti mara mbili asimwone. Ng'ambo ni miombo iliyochanganyika na mikorosho iliyoachwa na wenyewe, magugu yamefika kifuani. Kiangazi majani hupukutika, na aliye angani hupata pa kuchungulia. Mvua zikishika, kunafungwa kabisa.

Isitoshe, jambo hili limeshajaribiwa. Vita ilianza Oktoba 5, 2017 kwa kuvamiwa vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Septemba 2019 wakaja Warusi wa Wagner, kampuni ya askari wa kukodiwa, na helikopta zao, na kabla mwaka haujakwisha walishapoteza watu msituni na kurudi nyuma. Aprili 2020 Serikali ya Msumbiji ikakodi kampuni ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group, yenye helikopta ndogo aina ya Gazelle. Walipiga kweli, na mara nyingi. Lakini Agosti mwaka huo huo, helikopta hizo zikiwa kazini, mji wa Mocímboa da Praia ukaanguka pamoja na bandari yake na ukakaa mikononi mwa wapiganaji mwaka mzima. Machi 24, 2021 mji wa Palma nao ukavamiwa. Helikopta ndogo hubeba mafuta ya saa chache tu, zikienda kujaza wapiganaji wanatoka vichakani. Na mwezi huo huo wa Machi, Amnesty International walitoa ripoti wakiituhumu kampuni ile kwamba ilifyatua risasi na kurusha mabomu kutoka angani kwenye makundi ya watu bila kutenganisha raia na mpiganaji.

Mocímboa ilirudi Agosti 8, 2021. Waliorudisha ni askari wa Rwanda na wa Msumbiji waliofika kwa miguu yao na magari yao, wakaingia mitaani na kulala humo. Hilo la kulala ndilo ninalotaka tulizungumze. Ndege hailali kijijini. Inapiga na kuondoka, na jioni mwenye panga anarudi kumuuliza mwenye kijiji: nani aliwaita?

Ninachoamini ni hiki: ndege huona kundi, haimwoni mtu. Vita ya ng'ambo ni ya kumjua mtu. Huyu ni mtoto wa nani, amerudi lini, hela ya pikipiki ameitoa wapi. Majibu hayo anayo mama muuza ming'oko, vile viazi vya porini, barabarani, na mama huyo atasema tu kama anakuamini.

Nawapa mfano mmoja, halafu niwaachie uwanja. Desemba 3, 2023, kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, Nigeria. Watu wamekusanyika usiku kwenye Maulidi. Sisi wa Mtwara na Lindi tunajua Maulidi ya kijijini yalivyo: mikeka imetandikwa uwanjani, taa zimewashwa, wanawake upande wao na watoto wanapita katikati, sufuria za pilau ziko jikoni. Ndege isiyo na rubani ya jeshi la Nigeria ikawaona kuwa ni majambazi waliojikusanya, ikawapiga. Watu wasiopungua 85 walizikwa. Jeshi lenyewe lilikiri kuwa lilikosea.

Kusanyiko la usiku. Ndicho kilichoonekana kutoka juu.

Nawasilisha.

---

Kigogo cha Mpingo:

Naweka kambi hapa. Uzi wa maana huu.

---

Mjomba wa Kitaya:

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na ninakuheshimu, ila nina donge.

Oktoba 14, 2020, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, walivuka mto wakaingia Kitaya, kijiji cha upande wetu. Mkuu wa Polisi (IGP) wa wakati ule, Sirro, alisema wenyewe walikuwa kama 300. Watu mia tatu na silaha! Walichoma nyumba, waliua. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na nyumba ya bati aliyoijenga kwa korosho za misimu sita. Siku mbili simu yake haikupokelewa. Siku ya tatu akapiga mwenyewe kutoka kwa jamaa Tandahimba, amekwenda kwa miguu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, na sauti yake niliikataa kwanza, nikadhani ni mtu mwingine.

Sasa mia tatu si mama muuza ming'oko. Mia tatu wakivuka mto kwa mitumbwi, ndege ingewaona, au siyo? Ingewapiga pale pale katikati ya maji. Nakuuliza kwa dhati, sitaki ubishi: usiku ule ungekuwa Kitaya, ungeomba mazungumzo au ungeomba ndege?

---

Mpulizasalfa (mwanzisha uzi):

Pole sana ndugu yangu, na mfikishie mjomba salamu zangu. Mwaka ule tulikuwa tunahesabiana kwa simu kijiji kwa kijiji.

Nakujibu wazi: ningeomba ndege. Watu mia tatu wenye silaha wako mtoni, hawana mti wala nyumba ya kujificha, wala hawajachanganyika na raia. Hapo ndege ina kazi yake na inaifanya vizuri kuliko askari yeyote wa miguu. Sijaandika uzi huu kusema ndege hazina maana.

Tazama Mali. Januari 2013 wapiganaji walikuwa wanashuka kusini kwa misafara ya magari ya wazi, nchi kavu isiyo na msitu. Ndege za Ufaransa ziliingia Januari 11 na misafara ile ikasimama. Kabla mwezi haujakwisha Timbuktu ilikuwa imerudi mikononi mwa Mali na Wafaransa. Ukisimulia mpaka hapo, ndege zimeshinda. Lakini wapiganaji waliobaki waliacha magari, wakapanda pikipiki, wakaingia vijijini na kuanza kuonekana kama watu wengine wote. Wafaransa wakakaa Mali miaka tisa na nusu, wakaondoka Agosti 2022 vita ikiwa imeenea kuliko walipoikuta. Na Januari 3, 2021, ndege zao zilipiga mkusanyiko kijiji cha Bounti. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema ilikuwa harusi na kwamba 19 kati ya waliouawa walikuwa raia. Ufaransa ilikataa, ikasema waliopigwa ni wapiganaji. Sasa jiweke mahali pa mzee wa Bounti aliyezika watoto wake: kesho yake aje mtu kumuuliza habari za wageni waliopita, atasema?

Kobani, mji wa Syria uliozingirwa na ISIS, nako ndege zilisaidia. Lakini mjini walikuwepo wapiganaji wa Kikurdi, nyumba kwa nyumba, wanaoita ndege na kuelekeza: jengo lile, siyo hili. Ile ilikuwa ndege yenye macho chini. Msitu wa Macomia, macho ya chini ni nani?

Hao mia tatu wa Kitaya nao, ndugu yangu, mimi nawafikiria kwa namna nyingine. Hawakushuka kutoka mbinguni usiku ule. Walikusanyika siku kadhaa ng'ambo, walikula, walitafuta mitumbwi. Mtumbwi wa Ruvuma una mwenyewe na kila mwenyewe anajulikana kwa jina. Kuna mtu alijua. Hakuwa na wa kumwambia, au alikuwa naye na akamuogopa kuliko alivyowaogopa wao.

---

Mjomba wa Kitaya:

Hilo la mwisho limenigusa. Mjomba aliwahi kusema kuna wavuvi walionya. Basi, nisiseme zaidi hapa.

---

Mzee wa Rutamba:

Wanangu, mimi ni mtu mzima, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya nami namtajia. Nimesikia anausoma uzi wenu nikasema niandikie.

Mnazungumza habari za ndege na msitu wa ng'ambo kama jambo jipya. Mimi mama yangu ni Mmawia, Mmakonde wa Msumbiji, tulivuka Ruvuma mtoto wa kubebwa mgongoni vita ya Mreno ilipoanza, tukapelekwa Rutamba, huku Lindi, palipokuwa na makazi ya wakimbizi. Kaka zangu wawili walikwenda Nachingwea kufundishwa vita na FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, wakarudi ndani. Mmoja hakutoka tena.

Aliyetoka alikuwa akitufundisha, sisi watoto, jinsi ya kuishi na ndege. Nguo nyeupe haianikwi nje. Sufuria inapakwa matope au inafunikwa majani, isimetemete. Moto wa kupikia unawashwa kabla hakujapambazuka, chini ya mti wenye majani mengi, ili moshi upotee matawini. Njia ya kwenda kisimani haikanyagwi kila siku pale pale, maana njia iliyokanyagwa huonekana kutoka juu kama kovu. Ukisikia mlio, usikimbie. Anayekimbia ndiye anayeonekana. Haya yalijulikana na akina mama wa kijijini, hayakuwa siri ya jeshi.

Mwaka 1970, Julai, Mreno chini ya jenerali wake Kaúlza de Arriaga alikuja na nguvu zake zote kwenye uwanda wa Wamakonde. Ndege, helikopta, mizinga, makatapila ya kufungua barabara. Mreno alikuwa na napalmu pia, moto ule unaoganda kwenye ngozi. Akaziteka kambi kubwa, akatangaza redioni kuwa amemaliza. Alizikuta kambi, watu walikuwa wameshatawanyika. Vita ikapamba moto jimbo la Tete, mbali kabisa na pale alipoangusha mabomu. Miaka minne baadaye, Aprili 25, 1974, serikali ya Lisbon ikaangushwa na askari wake wenyewe waliochoka vita. Msumbiji ikawa huru Juni 25, 1975.

Msinielewe vibaya. Hawa wa leo siwafananishi na FRELIMO hata kidogo. FRELIMO walitukusanya na kutufundisha kusoma, hawa wanachinja watoto. Ninachosema ni habari ya msitu na ndege. Msitu ni ule ule. Na watu wa kule kujificha na ndege walifundishwa na bibi zao.

---

Mpulizasalfa (mwanzisha uzi):

Shikamoo mzee wangu. Umenipa kitu ambacho nisingekipata popote. Hilo la njia ya kisimani, niliposoma nilisimama nikatazama njia yangu mwenyewe ya kwenda shambani. Mungu akuzidishie umri, na umshukuru mjukuu.

---

Mwanahistoria Masasi:

Shikamoo na heshima kwa mzee. Mimi nafundisha historia, niongeze mawili ya Afrika Mashariki, kwa sababu huwa tunadhani haya ni mambo ya Vietnam tu.

La kwanza, imani kwamba ndege humaliza uasi haraka, sehemu yake ilizaliwa Somalia. Sayyid Muhammad Abdille Hassan alipigana na Waingereza tangu mwisho wa karne ya 19, majeshi ya nchi kavu yakamshindwa miaka ishirini. Januari 1920 Waingereza wakaleta ndege 12, na ndani ya wiki tatu ngome zake zikawa zimevunjwa. London walifurahi mno: ndege chache, gharama ndogo, kazi imekwisha! Wakaichukua dawa hiyo wakaipeleka Iraki. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba chini walikuwepo askari wa ngamia na askari wa KAR (jeshi la Kiafrika la Waingereza) waliofunga njia na kuzifuata ngome moja moja. Na Sayyid mwenyewe bomu halikumuua. Alivuka kuingia Ethiopia akafa kwa maradhi mwisho wa mwaka ule. Tena alikuwa amejenga ngome za mawe, kitu kinachoonekana na kinachobomoka. Angekuwa chini ya mikorosho ya Nanyamba hadithi ingekuwa nyingine.

La pili, Mau Mau. Kuanzia 1953 ndege za Harvard zilipiga misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, kisha zikaja Lincoln, ndege kubwa za mabomu, hadi katikati ya 1955. Tembo na vifaru walikufa na kujeruhiwa humo. Wapiganaji walisumbuka, walihama kambi, baadhi waliuawa, sikatai. Lakini kilichovunja Mau Mau kilifanyika chini, na kilikuwa cha kikatili kuliko mabomu: Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa na maelfu wakakamatwa, Wakikuyu zaidi ya milioni moja wakahamishiwa vijiji vya kuzungushiwa uzio, chakula kikakatwa njia. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956 na askari wenyeji waliokuwa doria kwa miguu, baada ya miaka ya mabomu.

Kwa hiyo tukisema "kazi iko chini", tujihadhari pia. Chini kuna njia ya kumfanya mwananchi aseme kwa kuaminiwa, na kuna njia ya kumfungia uzio na kumpiga. Tusije tukakimbia kosa la angani tukaangukia la ardhini.

---

Bandari Njema:

Mwalimu umemaliza. Mimi swali langu ni viongozi wao. Wamarekani huwa wanamvizia kiongozi mmoja wanampiga peke yake. Ile si nafuu kuliko kupiga msitu mzima?

---

Mwanahistoria Masasi:

Ni nafuu kwa roho za watu, ndiyo, kama taarifa ni sahihi. Kumaliza kundi ni habari nyingine. Septemba 1, 2014 Marekani ilimuua kwa shambulio la anga Ahmed Abdi Godane, aliyekuwa kichwa cha Al-Shabaab ya Somalia, na hakuna aliyebisha kwamba lilikuwa pigo kubwa. Ndani ya siku chache walishamtangaza mwingine. Miezi saba baadaye, Aprili 2, 2015, wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kundi lenye kodi zake, mahakama zake na vijana wanaoendelea kuingia, kiongozi wake ni kiti. Ukimtoa mmoja kiti kinabaki.

---

Mama Zuhura, Lindi:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Huwa nasoma tu humu, leo naandika.

Upande wa mama yangu ni Wamwani, watu wa pwani ya Cabo Delgado, wa Mocímboa. Agosti 2020, mji ulipochukuliwa, binti wa mama yangu mdogo alichukuliwa pamoja na wasichana wengine wa mtaa wao. Alikuwa na miaka kumi na minne. Wengine wawili walirudi baadaye wakasema walimwona hai, anapikishwa, wanahamahama naye msituni. Tangu hapo hatuna habari.

Nyie mnajadili vita. Mimi kila nikisikia redioni "kambi imepigwa kwa helikopta, magaidi kadhaa wameuawa", nakaa chini. Nawaza ni nani aliyeshuka akawahesabu. Kambi ile jikoni kuna nani? Wanaoteka maji kina nani? Ni watoto wetu. Wamechukua mamia ya wanawake na wasichana, hilo mashirika ya haki za binadamu yameliandika. Kwa hiyo kambi yao haina magaidi peke yao, kila kambi ina jiko, na jikoni kuna mtoto wa mtu.

Mama yangu mdogo yuko kambi ya wakimbizi karibu na Pemba, ile ya Msumbiji. Ameweka kanga moja ya binti huyo, haivai wala haifui, anasema harufu itapotea. Siku moja nilimuuliza, kama wangekuja wakubwa wakakuuliza tupige au tusipige, utasemaje? Aliniangalia tu.

Nimeandika ili na hili liwemo kwenye uzi.

---

Kigogo cha Mpingo:

Dada yangu, pole. Sina neno.

---

Mjomba wa Kitaya:

Mama Zuhura, mimi ndiye niliyeomba ndege juu huko. Nilikuwa nawaza mitumbwi ya wale mia tatu. Wasichana sikuwawaza. Nisamehe.

---

Mama Zuhura, Lindi:

Hujanikosea kaka. Na mimi ningekuwa na mjomba Kitaya ningeomba hivyo hivyo.

---

Mpulizasalfa (mwanzisha uzi):

Nimerudi kutoka shambani nikakuta haya. Dada yangu, nimesoma mara tatu.

Kuna mambo mawili nilitaka kuyaandika tangu mwanzo, sasa nayaandika kwa ajili yako.

Baada ya Rwanda na majeshi ya SADC kuingia mwaka 2021, na vijana wetu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, wakiwa wilaya ya Nangade ng'ambo, kambi kubwa zilivunjwa, watu wengi wakarudi Palma na Mocímboa. Lakini wapiganaji walifanya kile kile alichosimulia mzee: walitawanyika makundi ya watu kumi, ishirini, wakashuka kusini. Juni 2022 wakawa Ancuabe, ambako vita ilikuwa haijafika. Mei 10, 2024 wakaingia Macomia mjini. Julai 2025 wakasumbua Chiúre, watu zaidi ya 40,000 wakakimbia kwa siku chache. Kadiri kundi linavyokuwa dogo ndivyo ndege inavyopungukiwa na cha kupiga. Kundi la kumi likitembea na wasichana wanne waliotekwa, kutoka juu ni watu kumi na nne. Hakuna kamera ya kuwatenganisha.

La pili nimeliona kwa macho. Miaka ile baada ya Kitaya, kijiji kimoja cha mtoni (sikitaji), mvuvi mmoja aliona watu asiowafahamu wananunua chumvi na unga wa muhogo kuliko mahitaji ya nyumba, tena wanalipa bila kuomba kupunguziwa. Huku kwetu nani hanunui kwa kupunguziwa? Akamwambia mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti akapeleka habari juu. Wakaja askari. Walichofanya ni kumkamata mvuvi mwenyewe, kwamba amejuaje. Alikaa ndani siku tisa. Alirudi na jicho limevimba, akapaki mtumbwi wake, akaenda kuishi kwa dada yake Newala. Mwaka mzima uliofuata hakuna aliyesikia mvuvi mwingine wa kijiji kile akisema ameona mtu.

Siku tisa za mtu mmoja, na kilomita kadhaa za mto zikawa hazina macho. Fedha ya saa moja ya kurusha helikopta ingewalipa nauli na simu wavuvi wengi wa upande huu wa Ruvuma. Na kilichohitajika hata si fedha. Kilihitajika kiti, maji ya kunywa, na mtu wa kumsikiliza yule mvuvi bila kumpiga.

Baadaye alikuja kamanda mwingine pale, mtu mzima, akawa anashuka mwenyewe mtoni asubuhi mitumbwi inapoingia, ananunua samaki kwa bei ya soko, anauliza habari za watoto. Alichukua miezi. Habari zikaanza kurudi kidogo kidogo. Askari wake walikuwa na ndege ndogo ya kuchungulia, ile ya mapangaboi manne, na waliirusha pale tu mvuvi alipokuwa ameshasema: angalieni upande ule, kwenye mibuyu miwili. Ndege ilifuata mdomo wa mtu. Hivyo naikubali.

Yule kijana wa kijiweni nimempelekea uzi huu. Amenijibu usiku: "Kaka, kama Mama Zuhura ana picha ya binti, nina rafiki anavuka Kilambo kila wiki na dagaa, anafika mpaka Palma."

---

Mama Zuhura, Lindi:

Picha ninayo. Ni ya sikukuu ya Idi, amevaa gauni la njano, ana alama ya kuungua mkono wa kushoto, chini ya kiwiko.

Huyo rafiki anavuka siku gani?

---

Mpulizasalfa (mwanzisha uzi):

Jumamosi alfajiri. Usiiweke hapa hadharani dada, nitumie faragha. Andika na jina la babu yake, kwa Kimwani, maana kule hawamtambui mtu kwa jina lake peke yake.